Usiache kazi ya ghala kwanza: jibu la aliyekuwa utingo, sasa mwandishi wa hadithi za kufikirika

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kazi ya ghala la korosho huko Mtwara ukasome fasihi kwanza, ndipo uandike hadithi yako ya watu waliohamia sayari nyingine. Mimi sikusoma fasihi. Nimekuwa utingo miaka minne, fundi simu miaka sita, mlinzi wa usiku miaka miwili, na leo nakula kwa kuandika simulizi za aina hiyohiyo.

Usiku mmoja, njia ya Tunduma, lori letu lilizuiwa mizani. Uzito wa jumla haukufika tani 56 zinazoruhusiwa, ila ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu, ilizidi, na mizani hupima kila ekseli peke yake. Tukapanda juu, mimi na dereva, tukahamisha mifuko ya saruji kuileta mbele hadi alfajiri. Miaka mingi baadaye niliandika mji unaoning'inia juu ya bahari, ambako watu hupimwa majonzi kabla ya kuvuka daraja. Familia moja inakwama: jumla yao iko sawa, ila mama kabeba karibu yote. Wasomaji waliuamini mji ule kwa sababu ya foleni, karani mwenye usingizi, na ubishi wa kilo tatu. Hayo sikuyabuni.

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nilifundishwa kwamba simu isiyowaka haibadilishwi vifaa ovyo. Unafuata moto: unatoka betri, unapita wapi, unafia wapi. Hadithi ikinikwama nauliza vivyo hivyo. Watu wako wanaruka? Nguvu inatoka wapi, nani analipia, ikikatika anaanguka nani?

Ulinzi ulinipa muda tu, lakini nao ni mali. Daftari la kwanza nililijaza kwenye lindo.

Mtazame Shaaban Robert. Alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, akapita idara ya wanyama, ofisi ya serikali Tanga, hadi upimaji wa ardhi. Kusadikika, nchi aliyoiweka angani, kilichapishwa 1951 akiwa bado mtumishi. Nchi haipo, lakini ina mahakama, mashtaka, na wajumbe wanaotumwa mbali kutafuta mema kisha wakirudi wanafungwa. Kila nikikisoma namwona mtu aliyeijua serikali kutokea mezani.

Kuhusu fedha: nilianza kwa kuweka sura mojamoja kwenye makundi ya WhatsApp, anayetaka simulizi nzima ananitumia elfu moja kwa simu. Muswada wangu wa kwanza ulikaa kwa mchapishaji mmoja miaka mitatu bila jibu, na iliniuma sana. Wewe baki na nakala yako, na makubaliano yoyote yawe kwa maandishi.

Sura uliyoibandika nimeisoma mara mbili. Chombo chako kinang'aa vizuri, ila watu wake hawafanyi kazi yoyote. Wewe unajua unyevu wa korosho unavyopimwa, gunia linavyoshushwa daraja, mkulima anavyoshika stakabadhi ya ghala akisubiri mnada. Huko kwenye sayari yako wanavuna nini? Nani anapima, na mkulima akiona kilo zimepungua anakwenda kulalamika kwa nani? Niandikie ukurasa huo, nitausoma.