Kilimanjaro isiyo na Bukoba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ukifumba macho, kahawa ya nchi gani ungeitambua kwa ladha, nayo ikoje?" Ningeandika Tanzania nikaweka kalamu chini. Shida ni kwamba nimezaliwa Bukoba nikaolewa Uchagani, na kahawa za nyumba hizo mbili hazijuani hata kwa harufu.

Nianze na ya ukweni, maana ndiyo yenye jina. Arabika ya Kilimanjaro, mbegu iliyoletwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, ina uchachu wa chungwa lililoiva, si wa ndimu. Kahawa ya Kenya, majirani zetu, hukukata ulimi kwanza ndipo ikuonyeshe utamu. Hii huja polepole, ikishuka kooni inaacha kitu kama sukari guru. Kazi hiyo hufanywa na baridi: huko juu, chini ya migomba, tunda huiva taratibu na punje hupata muda wa kujijaza.

Ila nikisema kila kikombe kiko hivyo nitakuwa nawadanganya. Familia nyingi za kihambani, zenye migomba na mibuni kuzunguka nyumba, humenya kahawa zao wenyewe kwa mashine ya mkono, wakazivundika kwenye ndoo mpaka ute uachie, ndipo wakaziosha na kuzianika. Inaweza kuchukua siku moja, inaweza kuchukua tatu, kutegemea baridi. Mama mkwe wangu hatazami saa. Anatumbukiza mkono, anasugua punje. Zikikwaruza kama changarawe, zioshwe. Sasa jirani aende msibani, arudi siku ya nne akute ndoo inanuka siki, na kahawa hiyo iingie gunia moja na ya mama. Mnywaji wa mbali atalaumu nchi nzima kwa ndoo moja.

Na msidhani alama ya AA kwenye pakiti itawaokoa. Hiyo ni ukubwa wa punje tu, hupimwa kwa chekeche. Hata ile PB inayosifiwa sana ni tunda lililobeba punje moja ya mviringo badala ya mbili bapa. Wapo wanaoapa kwamba ni tamu zaidi. Mimi nimeionja mara nyingi na bado nasubiri huo utamu.

Twende Bukoba. Kahawa yetu ni aina nyingine, robusta, na hiyo wamisionari waliikuta. Kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika, uchachu karibu hamna, uchungu upo wa kutosha, na mdomoni ni nzito kama karanga zilizokaangwa zikapitiliza kidogo. Huanikwa na tunda lake zima, ndiyo maana sokoni huitwa kahawa maganda. Lakini Mhaya wa zamani hakuinywa, aliitafuna. Huchumwa ingali kijani, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha mgeni hupewa akiwa bado hajaketi vizuri. Ndiyo akamwani. Wanaume wakichanjiana udugu walitwaa punje mbili za tunda moja wakazipaka damu, kila mmoja akala yenye damu ya mwenzake. Ukiitafuna unapata majani kwanza, kisha ukali unaojibanza shavuni, na saa nzima baadaye bado unaulamba.

Kuna jambo lilinichekesha, kisha likaniuma kidogo. Kule Japani, kwa kanuni za wauzaji wa kahawa, jina "Kilimanjaro" ni la arabika yoyote iliyolimwa Tanzania, na mchanganyiko wenye jina hilo lazima uwe nayo walau asilimia 30. Kwa hiyo kahawa ya Mbinga, kule karibu na Ziwa Nyasa, ikifika Tokyo inakuwa Kilimanjaro. Ya Mbozi vilevile. Iliyoachwa nje peke yake, tena kwa kutajwa jina, ni arabika ya Bukoba. Maana nasi tunayo arabika, ingawa si nyingi kama robusta, na sehemu yake huanikwa na ganda lake kama dada yake. Naelewa sababu, ladha inatofautiana. Lakini ya Mbinga nayo si ya Moshi! Ni laini zaidi, uchachu wake umetulia, na mtu wa Umatengo, ndiko huko Mbinga, akiambiwa kwamba analima Kilimanjaro sijui atajibu nini.

Basi nikifumba macho, ninayoitambua bila kukosea ni ile ya kutafuna. Nyingine zote naweza kubahatisha.

Mwaka nilioolewa, ujumbe wa wakwe ulikuja kwetu na baba akawapitishia akamwani kwenye kikapu kidogo. Mama mkwe, aliyekulia chini ya mibuni, alichukua punje mbili, akazigeuzageuza kiganjani, akanong'ona sikioni mwangu: "Mwanangu, hizi mnazikaanga saa ngapi?"