Kabla Hujaambiwa "Piga Windows", Isome Kwanza Skrini ya Bluu

Mke wangu ni mwalimu wa Hisabati. Kwa miaka mitatu alikuwa akichapa maswali ya kidato cha tatu na cha nne kwenye kompyuta yetu ya nyumbani hapa Tanga, maswali aliyoyatunga mwenyewe, na milinganyo yake na michoro yake ya duara na pembetatu. Yote yalikaa kwenye folda moja juu ya Desktop. Siku tuliporudishiwa kompyuta kutoka kwa fundi, folda ile haikuwepo. Mashine ilikuwa ikitoa skrini ya bluu, fundi akapiga Windows upya, yaani akaifuta na kusakinisha nyingine, na kila kilichokuwa kwenye diski C kikaenda nacho.

Baadaye niligundua kwamba Windows haikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana naandika. Folda ile haikupaswa kupotea, na kila mwezi nasikia mtu mwingine kapitishwa njia ile ile.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi) ya GB 4. Kwa kuwa ilikuwa inaganda, nilinunua kipande kingine cha GB 4, nacho kimeshatumika, nikakichomeka mwenyewe. Wiki ya kwanza tulifurahi. Wiki ya pili ikaanza: unafanya kazi, ghafla skrini nzima inakuwa bluu, kinatokea kile kiuso cha huzuni, asilimia zinahesabu, halafu mashine inajiwasha upya na ulichokuwa unachapa hakipo. Mara ya kwanza tukasingizia umeme. Ilipofika kila siku nikaibeba.

Fundi wa kwanza alinisikiliza kidogo tu. "Kaka, hiyo Windows imechoka. Tunapiga mpya, kesho unachukua." Akaniuliza kama diski D ina vitu vya muhimu. Nikajibu hapana, na kweli haikuwa navyo. Nilichokuwa sijui ni kwamba Desktop, Documents, Downloads na Pictures kwa kawaida zinakaa ndani ya C. Ukikabidhi kompyuta kwa mtu anayetaka kupiga Windows, mwambie hivi: vitu vyangu viko C, vitoe kwanza, nivione kwenye flashi kwa macho yangu, ndipo uendelee.

Siku nne tu, bluu ikarudi. Fundi wa pili akasema ni virusi, akapiga tena. Safari hii zoezi lilikatika katikati, likidai kuna faili halisomeki. Akabadilisha flashi, akaanza upya, likakubali. Sikulipa uzito jambo hilo wakati ule. Bluu ikarudi wiki hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipokaa na daftari na kuanza kuisoma ile skrini badala ya kuikasirikia. Windows inasimama kwa makusudi, kwa sababu kitu kimevurugika katika kiini chake na kuendelea kungeweza kuharibu data yako. Kabla ya kusimama inaacha maneno: chini ya skrini kuna stop code, herufi kubwa zilizounganishwa kwa mistari. Wakati mwingine chini yake kuna jina la faili linaloishia na .sys. Maneno hayo mawili ndiyo utambuzi wenyewe. Yapige picha kwa simu. (Kwenye Windows 11, kuanzia mwaka 2025, rangi imeanza kubadilishwa kuwa nyeusi. Usibabaike, ni skrini ile ile.)

Shida ni kwamba mashine inajiwasha kabla hujasoma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery bofya Settings, kisha toa tiki kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo bluu itakusubiri mpaka uizime mwenyewe. Na zile zilizokwisha kupita hazijapotea: andika perfmon /rel mahali pale pale, itafunguka kalenda inayoonyesha kwa alama nyekundu siku zipi mashine ilianguka, na siku hiyo au ya kabla yake ulisakinisha nini. Nikipewa mashine ya mtu, naanza na kalenda hii.

Daftari langu la wiki moja lilikuwa hivi: Jumatatu MEMORY_MANAGEMENT, Jumatano PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, Ijumaa IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Mara tatu, sababu tatu. Nilidhani mashine imeoza yote. Kumbe huko kubadilikabadilika ndiko kulikokuwa na jibu. Draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) ikiwa mbovu, kwa kawaida hung'ang'ania kosa lile lile na jina lile lile la faili. RAM mbovu haina mwenyewe: leo inamharibia huyu, kesho yule, kutegemea nani kawekwa kwenye ile sehemu iliyooza. Makosa yakibadilika kila mara, anza na RAM.

Kisha jiulize swali ambalo hakuna fundi aliyeniuliza: nini kilibadilika kabla tatizo halijaanza? Mimi nilikuwa na jibu siku zote. Nilikuwa nimechomeka RAM.

Windows ina kipimo chake cha RAM, unakiita kwa Windows na R, kisha kuandika mdsched. Nilikitumia, kikasema hakuna tatizo, na karibu nikate tamaa. Usiishie hapo. Kuna programu ya bure iitwayo MemTest86; unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, unaiacha usiku kucha. Asubuhi nilikuta mistari myekundu imejaa. Kwenye kipimo hiki hakuna kosa dogo. Hata moja tu linatosha kukuambia kuna ugonjwa.

Lakini ugonjwa uko wapi, kwenye kipande kipi au kwenye tundu lipi la ubao? Hapa fanya taratibu. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu ndani. Chomoa vipande vyote. Sisi watu wa pwani tuna chumvi ya bahari hewani, na sehemu zile za rangi ya dhahabu hushika uchafu. Mara nyingi kusafisha tu kunamaliza tatizo. Mafundi wengi husugua kwa kifutio cha penseli. Mimi sipendi, kwa sababu unga wake huingia kwenye tundu. Kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi kidogo vinatosha, kisha acha pakauke kabisa. Rudisha kipande kimoja, pima. Kitoe, weka cha pili tundu lile lile, pima. Kile cha pili kilitoa makosa tundu lolote nililokiweka. Cha zamani kilikuwa safi popote. Nikakitoa kibovu. Tangu usiku ule bluu haijatokea kwenye mashine ile. GB 4 ni chache, lakini inafanya kazi mpaka mwisho wa siku.

Si kila bluu ni RAM. Mdogo wangu laptopu yake ilikuwa ikianguka kila akiunganisha intaneti, kila mara DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL na faili lile lile la .sys. Jina la faili tuliliandika kwenye utafutaji wa simu, tukaambiwa ni la kifaa cha Wi-Fi. Tukashusha draiva sahihi kutoka tovuti ya waliotengeneza laptopu, tukaisakinisha, ikaisha. Zile programu zinazojitangaza kukutafutia draiva zote kwa mpigo achana nazo. Nyingine hukuwekea isiyo yako, na kesho una bluu mpya.

Mfano mkubwa kabisa wa jambo hili dunia nzima iliuona tarehe 19 Julai 2024. Faili moja la masasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zilikwama, hospitali zilikwama. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuingia Safe Mode, hali ya kuwasha Windows na vitu vya lazima tu, na kufuta faili hilo moja. Hakukuwa na haja ya kupiga Windows. Nawe unaweza kufika huko: shikilia Shift huku ukibofya Restart, pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, halafu Restart, kisha chagua namba 4. Mashine ikitulia kwenye Safe Mode na kuanguka ukirudi kawaida, mtuhumiwa wa kwanza ni draiva au programu uliyoongeza.

Tahadhari moja kwa wenye laptopu za siku hizi. Nyingi zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, bila mwenyewe kujua, na ukigusa mambo ya kuwashia inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Uhakikishe kabla hujaanza. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza. Kama laptopu ni ya mtumba na akaunti ile ni ya mtu mwingine, hilo ni jambo la kushughulikia leo, wakati mashine bado inafunguka.

Bluu inayonitia hofu ni ya diski. Ukiona KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, tena kompyuta imekuwa nzito na mafaili yanachelewa kufunguka, acha kila kitu unakili vitu vyako kwanza. Ushauri unaozagaa ni kuendesha papo hapo chkdsk /r, amri ya kukagua diski na kuokoa sehemu mbovu. Kwa diski inayokufa huo ni mzigo mzito, maana inalazimishwa kusoma kila pembe yake, na inaweza kukata roho kabla haijamaliza. Nakili, halafu angalia afya yake kwa CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Ikionyesha Caution au Bad, usiitengeneze, badilisha. Shemeji yangu alifuata utaratibu huu na picha zake zote alizo nazo leo ni kwa sababu hiyo. Diski yenyewe ilikufa baada ya siku chache.

Joto na umeme nitavigusa kidogo tu. Kompyuta inayozimika pap, bila bluu, bila maneno, kwa kawaida ina tatizo la umeme, la pawa saplai au la joto, na hiyo ni habari nyingine: safisha vumbi kwenye feni, weka UPS. Lakini WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni vifaa kulalamika, na hapo joto na umeme unaocheza ni vya kuangaliwa kabla ya kumshuku yeyote mwingine.

Kama vifaa vyote vimepimwa na viko salama, zipo amri mbili za kurekebisha mafaili ya Windows bila kugusa mali yako. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ukiwa na intaneti, isubiri iishe, kisha sfc /scannow.

Na ikishindikana, basi piga Windows. Sina ugomvi nayo. Ina mahali pake, nao ni mwishoni, vitu vyako vikiwa vimeshatolewa na kuhesabiwa. Mpe fundi karatasi yenye stop code ulizoandika na tarehe zake, na umwambie ulichobadilisha. Fundi mzuri atashukuru.

Nilisema kwamba kwa fundi wa pili zoezi la kupiga Windows lilikatika katikati, likidai faili halisomeki. Windows ile ilikuwa mpya, haina virusi, haina draiva ya mtu, haijachoka. Kikilalamika kitu cha namna hiyo, au bluu ikitokea wakati Windows mpya yenyewe inaingia, jaribu flashi nyingine mara moja tu, halafu usiendelee hata kama imekubali. Zima, fungua kasha, anza na RAM.