Sahani ya Idi na mikarafuu sita: jibu kwa aliyesema haoni cha kusherehekea

Ndugu yangu, assalamu alaykum. Nimelisoma swali lako mara mbili, jana baada ya tarawehe na leo wakati wa daku. Umesema uko Dar, mama yuko Pemba, kila siku anapiga simu uende ukale Idi nyumbani, na wewe moyo huna. Tangu uchaguzi wa Oktoba 29 mwaka jana, 2025, hamsemezani na kaka yako, yeye na chama tawala, wewe upande wa pili. Siku zile umejifungia ndani, intaneti imezimwa, risasi unazisikia kwa masikio yako, alipokupata kwa simu neno lake la kwanza likawa "mmejitakia wenyewe". Ukamalizia kwa kuuliza: nyinyi mliopita 1995 na 2001, Idi mlikuwa mnailaje?

Mie ni fundi cherehani, nashona kanzu hapa mjini Unguja, kwetu ni Pemba, upande wa Wete. Ramadhani kwangu si wakati wa kuandika, lakini umeme umekatika.

Nianze na chupa ya mafuta ya taa. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka tisa. Oktoba 22 watu wakapiga kura, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu kabla ya Mapinduzi, na matokeo ya urais wa Zanzibar yakatangazwa: Dk. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, 49.8. Kule Pemba CUF walichukua majimbo yote 21, kwa hivyo hasira iliyokuwepo unaweza kuikisia. Jirani yetu wa mlango kwa mlango alikuwa na duka, naye ni CCM, na kabla yake babake alikuwa Afro, yaani Afro-Shirazi. Tukimwita Ami. Si ami wa damu, lakini ndiye aliyenishika mkono kunipeleka chuoni kusoma Kurani siku ya kwanza, baba akiwa safarini. Baada ya matokeo ikatoka amri, aliyeitoa hajulikani mpaka leo, kwamba pale dukani hanunui mtu. Ukinunua, na wewe unasuswa.

Jioni ya kuamkia Idi ya Februari 1996 mama akanituma mafuta ya taa duka la mbali. Kurudi, njia ni moja, inapita mbele ya Ami. Nikaitia chupa ndani ya shati asiione. Na shati lenyewe lilikuwa la Idi, nilimwomba mama nilijaribu akasahau kunivua. Kizibo kilikuwa cha karatasi ya kusokota. Nilipofika usawa wa duka Ami akaniita, "Hujambo, baba?" Nikamwamkia huku nimekumbatia tumbo kama mwenye msokoto, mafuta yananitiririka mpaka kiunoni. Harufu aliisikia, hapana njia asiisikie. Akasema tu, "Haya nenda, mamako atakungoja." Idi ile nilikwenda kiwanjani nanuka koroboi, wenzangu hawataki kukaa nami kwenye pembea.

Nimeanza hapo makusudi. Sie tukisimulia huanza na tulivyofanyiwa, na tulifanyiwa kweli. Lakini serikalini tulikuwa wanyonge, kijijini tulikuwa wababe, na mtoto wa miaka tisa aliliona hilo kabla hajaweza kulisema.

Sasa sahani. Kwetu, asubuhi ya Idi, kabla wanaume hawajarudi msikitini, sahani zishaanza kutembea. Ya kwetu ilikuwa ya bati, mdomo wake wa buluu, umebanduka rangi sehemu moja, inafunikwa kawa la ukindu. Mama akitia mkate wa kumimina vipande vinne na bokoboko kwenye kibakuli, mtoto anapeleka kwa Ami. Jioni sahani inarudi, na hairudi tupu. Yakiwamo kaimati, zikiwamo tambi, hata ndizi mbili, lakini tupu hairudi. Mwaka 1996 haikwenda. Haikwenda miaka mitano.

Ikaja Januari 2001. Tarehe 27, Jumamosi, watu wakaandamana kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe, na yaliyotokea Wete, Micheweni na kwengineko yanajulikana. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita baadaye ilitaja waliokufa 31, mashirika ya haki za binadamu yakataja zaidi. Watu zaidi ya 2000 walivuka kwenda Shimoni, Kenya, na mjomba wangu mmoja wao, usiku, kwa mashua, na kanga ya mke wake kajifunga kichwani kwa baridi. Wakati ule jamaa wa Dar ndio waliokuwa wanahangaika kuuliza kama tuko hai. Mwaka jana tukahangaika sisi kuwauliza nyinyi. Sikulifikiria hilo mpaka niliposoma swali lako.

Idi ya Mfunguo Tatu iliangukia mwanzoni mwa Machi, wiki tano tu baadaye. Mjomba hatuna habari zake. Mama alipika kwa sababu ya watoto. Na bibi, mzaa baba, mwanamke wa maneno machache mno, akaiteremsha sahani ya bati juu ya dari, akaipangusa vumbi, akatia mkate, akaweka kawa, akanambia, "Peleka kwa Ami yako."

Baba alikuwa ukumbini. Akasema, "Mama, kwa nani?"

Bibi akajibu, "Nampelekea sahani. Sikumpelekea kura."

Bibi alikuwa mtu mzima zama za siasa, ile miaka ya 1957 mpaka 1963, vyama vya Hizbu na Afro vikishindana. Siku ile ndiyo ya kwanza kumsikia akisimulia: watu walisusiana maduka, gari, mpaka kuzikana. Juni 1961 huko Unguja watu 68 wakafa kwa fujo za uchaguzi. Akasema, na maneno haya ndiyo ninayokuletea: aliyesusa anataka kurudi siku ya tatu, lakini hana mlango, maana akirudi bure bure ataambiwa kashindwa. "Idi ni mlango," akasema. "Ukipita siku ya Idi hakuna atakayekuuliza umefuata nini."

Nikapeleka. Mke wa Ami akafungua, akaiangalia sahani, akaniangalia mimi, nilikuwa nishaota ndevu mbili tatu. Hakusema kitu. Akaipokea kwa mikono miwili.

Magharibi sahani ikarudi na halua, bonge zima, limefungwa karatasi. Hakuna aliyeligusa. Baba akalitazama muda, akakata kipande kwa kisu, akatia mdomoni, akatafuna, akatafuna. Kisha akasema, "Halua hii imekaa sana dukani." Mama akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na baba naye, maana aliyesababisha halua ikae dukani ni sisi wenyewe. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani kwetu tangu Januari.

Usidhani hapo mambo yalikwisha. Oktoba mwaka ule viongozi wa CCM na CUF wakatia saini mapatano, Muafaka, mjomba akarudi, 2005 tukapigana tena. Novemba 5, 2009 Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wakakutana Ikulu, Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na Idi ya Septemba ile, katikati ya kura mbili, sijaiona tamu kama ile. Baba na Ami walicheza bao barazani mpaka alasiri ikawapita. Bibi hakuiona, alikufa 2008.

Halafu 2015 uchaguzi ukafutwa, Machi 2016 ukarudiwa bila ya CUF, na tukarudi kule kule, pengine pabaya zaidi. Walioishi Pemba mwaka ule wanakumbuka: watu wanashushwa garini kwa chama, misiba haina wa kuchimba kaburi, na mikarafuu inakatwa usiku. Ami alikatiwa sita. Mikubwa, ya babake. Asubuhi tuliona matawi yamelala na majani bado mabichi. Nani kakata, Mungu anajua, lakini nina binamu yangu ambaye wiki ile alikuwa na malengelenge mikononi, na si mkulima.

Julai, Idi, nikiwa nimekwenda nyumbani, mama akapeleka sahani. Mara hii ilikuwa pilau. Ikarudi saa ile ile. Tupu, imeoshwa, imekaushwa. Na mtoto aliyeirudisha kapewa ujumbe: "Mwambie bibi yako, sie mikarafuu ya kutilia pilau hatuna tena."

Nilikasirika mimi. Baba hakukasirika, alikaa kimya siku mbili. Masika ya 2017 akenda kwenye kitalu akachukua miche sita ya mikarafuu, akaifunga nyuma ya baiskeli, akenda shambani kwa Ami bila kubisha hodi nyumbani, akachimba, akapanda, akajenga vichanja vya makuti juu yake kuizuia jua. Ami akamkuta huko, wakazozana pa kupanda mche wa sita. Miche miwili ikafa kwa kiangazi. Baba akarudi akapanda mingine.

Mkarafuu hauna haraka. Miaka sita, saba, ndiyo unaanza kukuonyesha chochote. Uchaguzi ni kila miaka mitano. Baba alipanda akijua kwamba kabla ya karafuu ya kwanza lazima uchaguzi mwengine upite katikati, na ulipita, wa 2020. Ami hakufika. Alikufa 2019, na baba alikuwa mmoja wa watatu walioingia kaburini kumpokea. Lakini msimu wa 2024 ile minne ya mwanzo ilitoa, kidogo, hata pishi nzima haikufika, na Idi iliyofuata sahani ya bati ilikuja kwa mama imefunikwa kawa, ndani yake karafuu kavu, kiganja kimoja. Mama hajazipikia. Zimo kwenye kopo juu ya kabati na nikienda zinanukia chumba kizima.

Sasa nije kwako. Mie sitakwambia umsamehe kaka yako. Neno alilokwambia ni baya, na aliyelisema ndiye wa kulirudisha. Wala sikwambii usahau ulichokiona. Kijijini kwetu yupo mama aliyefiwa na mumewe 2001, kila Idi hufunga mlango mpaka adhuhuri, na hakuna mwenye akili anayekwenda kumgongea ampe nasaha za amani. Bibi alikuwa akimpelekea sahani yetu tu, anaiweka kizingitini, anaondoka. Kuna watu wakisema "tudumishe amani" wanachotaka ni wewe unyamaze, na hao tunawajua, wamejaa kila Idi kwenye maikrofoni.

Ninachokwambia ni kidogo kuliko hicho. Nenda. Kaka yako, nikimkisia, siku ya tatu baada ya kulitamka lile neno alishajua, na tangu Oktoba anatafuta mlango. Na wewe hivyo hivyo, la sivyo usingeandika yote yale saa nane za usiku. Idi ikipita, mlango wa karibu utakaofuata unaweza kuwa msiba, na mama yenu ndiye mkubwa nyumba ile. Samahani kwa kulisema.

Ila angalia na hesabu ya mwezi, maana hata huo tunaugombania, wengine wanafuata wa Makka, wengine wa hapa nyumbani: ukifika kwa mwezi wa Makka unaweza kukuta kaka yako bado kafunga kwa makusudi, ili msile Idi pamoja. Nimeyaona. Kaa, mngoje afuturu.

Na usiende mikono mitupu. Nina kitambaa cheupe, kizuri, kilibaki kwenye oda ya msikiti mmoja. Nitumie vipimo vya kaka yako: urefu kutoka bega mpaka kifundo cha mguu, mabega, mkono, shingo. Usimuulize yeye, muulize mama, anavijua. Kushona kanzu ni juu yangu, kitambaa utanilipa ukirudi. Lakini vinifike kabla ya kumi la mwisho, kuanzia hapo sipokei nguo ya mtu, hata awe nani.