Kabla hujafungua huduma ya kuhifadhi tovuti bure

Wengi wanaotaka kuhifadhi tovuti za watu bure, wakitumaini baadhi yao watakuja kulipia, huanza na hesabu ya seva: diski kiasi gani, kodi ya mwezi ngapi, akaunti zitaingia ngapi. Hesabu hiyo haina shida. Tovuti changa hula nafasi kidogo, nyingi hupita wiki nzima bila mgeni hata mmoja, na seva moja ya wastani hubeba mamia yake bila kuhema. Mimi nakushauri uanzie kwingine. Jiulize ni nani atakayekuwa wa kwanza kujisajili kwenye huduma isiyodai malipo wala kitambulisho.

Usitarajie mwanafunzi anayejifunza PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Huyo atakuja baadaye, akishasikia kwa wenzake. Anayewahi ni tapeli wa kurasa bandia, na baada ya muda utamjua kwa nyayo zake. Akaunti inafunguliwa, dakika chache baadaye linapakiwa faili moja la zip, linafumuliwa, basi. Ukurasa wa mwanzo hakuna. Kuna folda ndani ya folda, na ya mwisho ina jina la benki au la kampuni ya barua pepe. Humo utakuta fomu ya kuingilia iliyonakiliwa mpaka nembo, na faili dogo la PHP lenye kazi moja tu: kuchukua nywila ya aliyenaswa na kuituma kwa mwenye mtego. Mwenyewe harudi kuangalia akaunti. Ukiifunga, anafungua nyingine.

Hapa ndipo gharama ilipo. Mwaka 2022 Heroku, kampuni kubwa ya kuhifadhi programu za mtandaoni, yenye wahandisi wa kutosha, ilifuta vifurushi vyake vya bure, na sababu iliyotaja ni nguvu nyingi mno zilizokuwa zinapotea kupambana na ulaghai na matumizi mabaya. Kama wao walichoka, wewe mwenye seva moja panga muda wako mapema.

Jambo la kwanza, tenganisha domeini, yaani majina ya tovuti. Tovuti yako ya biashara, ankara zako na barua pepe zako zikae kwenye domeini moja. Wateja wa bure wapewe domeini ndogo chini ya nyingine kabisa. GitHub, kampuni inayohifadhi kodi za waandishi wa programu, walifanya hivyo mwaka 2013, walipohamisha kurasa za watumiaji kutoka github.com kwenda github.io kwa ajili ya usalama. Ukichanganya, siku ukurasa mmoja wa kitapeli ukiripotiwa, brauza zinaweza kuweka lile onyo jekundu mbele ya domeini nzima. Mteja anayetaka kukulipa atakutana nalo na atageuza. Ukishakua, omba hiyo domeini ya wateja iingizwe kwenye Public Suffix List, orodha inayozieleza brauza kwamba kila domeini ndogo ina mwenyewe, ili kuki za mmoja (vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye brauza) zisimfikie jirani. Miradi midogo sana huwa haipokelewi, kwa hiyo usiitegemee siku za mwanzo.

Jambo la pili, barua pepe. Kwenye kifurushi cha bure zima uwezo wa PHP kutuma barua, na funga poti 25 ya kutokea nje, mlango ambao seva hutumia kupelekea barua kwa seva nyingine. Watalalamika, waache walalamike. Anwani ya IP ya seva yako ikishaingia kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha watumaji wa barua taka, barua za wateja wako wanaolipa nazo zitaanza kukataliwa, na kuisafisha ni kazi ya kuchosha.

Fungua pia anwani ya abuse@, ya kupokea malalamiko, kwenye domeini yako na uisome kila siku, sikukuu zikiwemo. Kampuni inayokukodisha seva ikiletewa malalamiko itakutumia na kukupa muda wa kujibu, mara nyingi saa 24. Ukikaa kimya wanazima seva, na hawachagui nani mwema nani mwovu humo ndani.

Nywila za wateja zihifadhiwe kwa bcrypt au Argon2, mbinu za kuzigeuza zisisomeke, kamwe zisikae wazi. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba 000webhost, huduma ya kuhifadhi tovuti bure, ilivujisha akaunti zaidi ya milioni 13, na nywila zilikuwa zinasomeka kama zilivyoandikwa.

Kuhusu vikomo, usiandike "bila kikomo" popote. Ukiandika, yupo atakayeleta maktaba yake yote ya filamu. Weka kikomo cha diski, lakini zaidi cha idadi ya faili na cha matumizi ya kichakato (CPU), maana seva huzidiwa na programu moja inayozunguka bila kukoma kabla diski haijajaa.

Paneli ya kuendeshea akaunti nayo iangalie vizuri. Tangu 2019 cPanel, paneli maarufu ya kulipia, hutoza kulingana na idadi ya akaunti, kwa hiyo kila mteja asiyelipa anakuongezea bili. Paneli za HestiaCP na Virtualmin zina matoleo ya bure yanayotosha kuanzia. Njia nyingine ni kampuni zinazokuruhusu kuweka jina lako juu ya huduma yao ya bure, bila wewe kuwa na seva. Ni shule nzuri ya kujifunza kuwahudumia watu, ila kumbukumbu za matukio ya seva (logs) huzioni, na wao wakiamua kufunga akaunti ya mteja wako, wewe utabaki kuomba radhi.

Na fedha? Wachache sana watahama kutoka bure kwenda kulipia, na wanaohama hawafuati nafasi ya diski. Wanataka domeini yao wenyewe, barua pepe yenye jina la biashara, bakapu, na mtu wa kuwajibu. Hivyo ndivyo vya kuuza. Matangazo kwenye kurasa za wateja sishauri: kipato ni kiduchu, na mtu makini huondoka akiyaona.

Mwisho, weka kitufe cha kupakua faili zote na hifadhidata kwa mkupuo mmoja, hata kwa asiyelipa, tena kabla hujapokea akaunti ya kwanza. Ukilazimika kufunga kifurushi cha bure, tuma taarifa, wape mwezi mmoja, na kitufe hicho kiwe kinafanya kazi muda wote huo.