Bibi anaanza kusahau, hadithi zake tuzihifadhi vipi?

SWALI: Shangazi, bibi yangu ana miaka 84, siku hizi anasahausahau na ye ndo anaujua ukoo wetu wote. Nikimwambia anihadithie ya zamani anasema hana la kusema. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, ukimwambia mtu "nihadithie maisha yako" hilo swali kubwa mno, hata mi ningenyamaza. Mpelekee picha ya zamani umuulize huyu nani, hapa wapi, nani kawapiga hiyo picha, utaona anavyofunguka mwenyewe. Mwombe ruhusa kwanza afu rekodi kwa simu, dakika 20 au 30 zinatosha maana akichoka anachanganya mambo, na mwache aongee ile lugha aliyokulia nayo, kutafsiri mtatafsiri baadaye. Akirudia hadithi ileile usimkatize eti ulishatuambia, mara nyingi kwenye kurudia ndo linachomoka jina ambalo mwanzo hakulitaja. Faili lipe jina la bibi na tarehe, sio "rekodi mpya 7" (mi ninazo kibao za hivyo, sijui hata zina nini). Kopi moja weka kwenye flashi, nyingine mtumie ndugu anayekaa mbali, simu zinaibiwa jamani.