Viazi vya dahlia: vingine vimeoza, vingine havichipui

SWALI: Naishi Minneapolis, Marekani. Oktoba, jalidi ilipounguza majani ya maua yangu ya dahlia, nilichimba viazi vyake, nikaviosha. Vingine nilivifungia kwenye ndoo yenye mfuniko, vingine nikavitia kwenye katoni wazi, vyote kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupasha nyumba joto. Vya ndoo vimeoza, vya katoni vimesinyaa. Halafu kuna vinene, vizima kabisa, nilivyopanda mwaka uliotangulia na havikuchipua hata kidogo. Tatizo ni nini?

JIBU: Pole sana. Nianze na hivyo vinene, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza mbegu nzuri. Kiazi cha dahlia si kama mbatata, ambayo ina macho mwili mzima. Jicho lake liko shingoni tu, pale kiazi kinaposhikana na shina la zamani. Ukikivunja bila kipande cha shina hilo, kinaweza kukaa udongoni kiangazi chote, hata kikatoa mizizi, lakini chipukizi hutaliona. Mara baada ya kuchimba, macho ni magumu kuyatambua, kwa hiyo hifadhi shada zima la viazi na shina lake bila kuligawa. Machi lisogeze penye joto kidogo. Baada ya wiki mbili hivi utaona vichunusi vya waridi au kijani vimeinuka kuzunguka kitako cha shina. Hapo ndipo ushike kisu. Kila kipande kiwe na kichunusi kimoja na shingo isiyovunjika.

Sasa kuhusu kuhifadhi. Ndoo ilizuia unyevu kutoka, katoni iliuachia wote, na joto la tanuri likaharakisha yote mawili. Viazi hivi vinataka nyuzi 4 hadi 10 za Selsiasi. Tafuta kona ya chumba hicho iliyo mbali na tanuri, kando ya ukuta unaopakana na nje, na uweke kipimajoto hapohapo sakafuni, usikisie. Vikiganda, vimekwisha. Asili ya dahlia ni nyanda za juu za Meksiko, na hata Limuru, Kenya, hubaki ardhini mwaka mzima kwa sababu udongo haugandi. Wewe uliye Minnesota huna budi kuchimba.

Shina la dahlia lina uwazi ndani na hubaki na maji baada ya kuosha. Yakituama humo, uozo huanzia shingoni, palepale penye macho. Kata shina libaki sentimita 10 hivi, pindua shada kichwa chini, liache kivulini siku moja au mbili. Kisha lifukie kwenye maranda makavu, ndani ya boksi lenye matundu machache.

Kagua kila mwezi. Penye uozo kata mpaka ufikie nyama nyeupe. Vikianza kunywea, nyunyizia maranda maji kidogo. Ukiona vinundu vilivyorundikana kama koliflawa, tupa shada zima na usafishe kisu kwa spiriti, kwani huo ni ugonjwa wa bakteria na hauna dawa.

Panda udongo ukifika nyuzi 15, na usimwagilie mpaka chipukizi litokeze.