Chumvi ya kisima huenda na mwezi

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Langoni, Lamu. Kikundi chetu cha kina mama na vijana tulichanga tukanunua kile kipimo kidogo cha chumvi, mfano wa kalamu, ukikitia majini kinaandika namba. Tukaanza na kisima cha mtaani. Siku ya saba ya mwezi wa kuandama, yaani mwezi saba, baada ya swala ya alfajiri, kiliandika 880. Mwezi kumi na tano, baada ya alasiri, kikaandika 1,460. Wazee wa barazani wametucheka mpaka basi, wanasema kalamu yetu imeingiwa na wazimu. Ofisi moja tuliyopeleka namba ikasema huo ni mchezo wa watoto. Tukitupe?*

Marahaba mwanangu. Msikitupe. Warudieni hao wazee na karatasi hiyo hiyo, muwaulize swali moja tu: mwezi saba bahari huwaje, na mwezi kumi na tano huwaje? Aliyewahi kuvua atajibu hata kahawa hajaiteremsha mdomoni: mwezi saba ni maji mafu, bahari haijai wala haipwi sana; mwezi kumi na tano ni bamvua, inajaa na kupwa kwa nguvu. Vizuri kwamba mliandika tarehe za mwezi wa kuandama. Mngeandika za kalenda ya ukutani, hata mimi ningepita bila kuona.

Chini ya kisiwa chetu maji matamu hayakukaa kwenye bakuli. Mvua inanyesha juu ya mchanga, zaidi kwenye yale matuta ya Shela ambayo mji wa Lamu unayategemea kwa maji, inazama, kisha inaelea juu ya maji ya bahari yaliyojaa mchangani, kwa kuwa matamu ni mepesi kuliko ya munyu, yaani ya chumvi. Hesabu yake ni hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na kama mita 40 zilizo chini. Kwa hiyo uso wa maji ukishuka sentimita 10 na usirudi, kule chini chumvi itapanda polepole, mita 4 nzima. Ndiyo maana mtu akianza kusawazisha tuta ajenge, mimi sioni mchanga, naona birika la mji linatobolewa.

Bahari ikijaa na kupwa kwa nguvu, mpaka wa tamu na munyu hutikisika na kuchanganyika, na kisima kilicho jirani na ufuo huweza kuonja. Lakini nyinyi mlibadilisha mambo mawili kwa mpigo. Alfajiri kisima kimepumzika usiku kucha. Alasiri kimeshatekwa na mtaa mzima, na punda wameshapita na majerikeni yao. Sasa ile 1,460 ni ya bamvua au ya punda? Hamjui, nami sijui. Kosa liko hapo, kalamu haina hatia.

Chagueni saa moja, alfajiri kabla ya ndoo ya kwanza, msiibadilishe. Pimeni kila siku kwa mwezi mzima wa kuandama, mzione bamvua mbili na maji mafu mawili. Pembeni ya namba andikeni mwezi ngapi, mvua ilinyesha au la, na maji yako chini kiasi gani: kamba yenye jiwe, fundo kila nusu mita, mnapimia kutoka ukingo ule ule. Na ndoo iwe ya kazi hiyo tu. Mimi niliwahi kupoteza wiki tatu za vipimo kwa sababu nyumbani waliazima ndoo yangu kulowekea papa wa chumvi. Namba zilipanda, nikatangaza msikitini kwamba bahari imeingia kisimani. Hadi leo kuna mtu akiniona huuliza bei ya papa.

Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 za chumvichumvi kwa lita huhesabiwa mazuri kwa ladha, na yakipita 1,000 yanaanza kuchusha. Hiyo ni ladha, na ni ikiwa kalamu yenu inahesabu kwa miligramu hizo hizo. Kalamu yenu haioni kinyesi. Kisima chaweza kusoma 300 na choo cha shimo kiko hatua kumi kutoka hapo. Kwa hilo tafuteni zile chupa ndogo zenye dawa ambazo maji hugeuka meusi ndani ya siku moja au mbili yakiwa na vijidudu vya chooni. Zikiwa nyeusi, chemsheni kwanza, mjadala baadaye.

Kuhusu "mchezo wa watoto": kwenye bonde la mto Sondu-Miriu, magharibi mwa Kenya, watafiti walisimika mbao 13 za kupimia kina cha mto, wakawaachia wapita njia. Mtu anasoma namba, anaituma kwa ujumbe wa simu. Mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo halali 1,175, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Wapita njia, mwanangu, wala si mabwana maji. Peleka daftari la mwezi mzima kwenye ofisi ile ile kwa maandishi, omba muhuri wa kupokelewa, na uombe vipimo vyao vya kisima hicho. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inazitambua jumuiya za watumiaji wa maji, basi jisajilini. Kikundi chenye jina hakifukuzwi kirahisi.

*Mwalimu, huku Faza sisi tunakunywa maji ya jabia, birika la kukingia mvua. Kalamu hiyo itatufaa?*

Kidogo. Maji ya mvua hayana chumvi ya kupima, isipokuwa ukuta uwe umepasuka. Nyinyi pimeni kina. Chukueni ufito, mtie alama kila sentimita 10. Jabia ya mita 5 kwa 4 ikishuka alama moja, yametoka lita 2,000, yaani majerikeni 100 ya lita 20. Hesabuni alama zilizobaki, mhesabu na siku za kufika masika. Na paka akitumbukia, msiniandikie kuuliza.